Shukrani kwa mzee wa ovaroli, pale Gerezani, Dar es Salaam

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Jumamosi ile ulinikuta kaunta ya duka la spea nimeshika chupa ya mafuta ya breki, DOT 5, najisifu kuwa tano ni bora kuliko nne. Ukaniuliza gari gani. Land Rover 109 ya marehemu baba. Ukacheka, ukanishika mkono hadi kwenye gari, ukafuta vumbi kwenye kifuniko cha masta silinda, panapotiwa mafuta ya breki: DOT 3.

“Hiyo tano ni silikoni, mwanangu. Haichanganyiki na iliyomo humu.” Ukanieleza kuwa DOT 4 inaingiliana na 3, na inastahimili joto zaidi: mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, wakati 3 ni 205. Na 5.1, licha ya jina, si silikoni (nani aliwapangia namba hizi?). Ukanionya pia nisithubutu kutia mafuta ya injini, mipira ya breki itavimba.

Tone lilidondokea bodi, ukalimwagia maji haraka lisile rangi. Nilipogeuka kukupa hata ya soda, umeshaondoka. Juzi nimeshuka mlima Kitonga na familia, pedali ngumu kama jiwe. Asante sana, mzee wangu.