Randa haifundishwi kwa bando

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu nikiwa saidia fundi na sijawahi kukusumbua. Ila ile habari yenu ya kozi ya useremala mtandaoni, ya watu wazima na watoto, "bila kutoka nyumbani", imenikaa kooni. Mwandishi kawahoji wenye kozi, kawahoji waliolipa. Kufika Keko, kwetu mafundi wenyewe, alishindwa nini?

Karakanani kwangu alikuja kijana mwenye cheti cha kozi ya namna hiyo, kina muhuri na rangi za kupendeza. Nikampa mbao ya mninga na randa ya kuilainishia. Akasukuma kinyume cha nyuzi za mbao, randa ikawa inaruka na kunyofoa, naye badala ya kugeuza mbao akazidi kukandamiza. Eti kwenye video ilikuwa inateleza. Itaachaje kuteleza, kisu kimenolewa kabla kamera haijawashwa? Kunoa hakufundishwa. Hayo ningeyasamehe, mninga si mtu. Kilichonipandisha presha ni mashine ya kupasulia mbao. Kaiendea na sweta la mikono mirefu, kasimama nyuma ya ubao moja kwa moja, pale pale ambapo msumeno ukibanwa ubao hurudi kwa kasi na kumpiga mtu tumboni, kisha kanyoosha mkono awashe! Nilikata umeme kwenye swichi kuu. Akanionyesha somo lenyewe kwenye simu: mwalimu kaing'oa kinga ya msumeno ili kamera ione vizuri. Halafu mnatuandikia kwamba na watoto wanaandikishwa.

Simu siikatai. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walipoleta VSOMO, programu yao ya kusomea ufundi kwa simu, mwaka 2016, nadharia ilisomwa kwenye simu, kisha mwanafunzi akaenda chuoni kushika vifaa. Hapo sina ugomvi.

Na wakubwa nao wasijifiche. Mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, umeingia sekondari, jambo jema kabisa. Lakini shule iliyo jirani yangu ina chumba kizima cha kompyuta na jiriwa moja ya kubania mbao, tena imefungwa kwenye meza ya chipbodi iliyovimba kwa mvua za masika. Nilipokwenda kuomba kazi ya kuwatengenezea meza za mbao, nikaambiwa niombe kwenye mfumo wa mtandaoni. Mfumo ulikuwa chini. Nadhani hadi leo uko chini.

Pendekezo langu ni dogo. Kila anayetoa cheti cha useremala mtandaoni atengenezewe stuli na mhitimu wake mwenyewe: ulimi na tundu, mbao ichomekwe ndani ya mbao, bila msumari hata mmoja, miguu minne (si mitatu, ya mitatu haichezi hata ikikatwa ovyo). Aikalie kwenye mkutano na waandishi wa habari, kuanzia utambulisho hadi maswali. Mwandishi wako nampendekeza akae mstari wa mbele na kamera yake, nyinyi si mnapenda picha.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam