Baba, msinunue geji kwanza

Coventry, Uingereza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, wajukuu zako wanakuamkia.

Tangu nisikie kwamba Landrova ilikwisha mafuta usiku, na Mama akakaa barabarani kwenye mvua akingoja petroli, sijatulia. Najua ufito wako wa kupimia tangi umekutumikia miaka mingi, lakini gizani nani ananyanyua kiti apime?

Nimeambiwa mshale wa geji ya mafuta haunyanyuki, na fundi anataka mnunue geji mpya. Subirini. Jumamosi huwa namsaidia jirani yangu, mzee mwenye Land Rover Series III shasi fupi kama yako, na mwezi uliopita mshale wake uligoma kunyanyuka vilevile. Geji ilikuwa nzima.

Angalia kwanza geji ya joto. Hiyo na ya mafuta zinapata umeme kupitia kidude kimoja nyuma ya dashibodi, kinachopunguza volti 12 za betri hadi kama 10. Kikifa, zote mbili hudanganya. Ya joto ikisema kweli, kidude hicho kiacheni.

Halafu nenda kwenye tangi, chini ya kiti cha kulia. Juu yake kuna waya wa kijani wenye mstari mweusi. Uchomoe, uunge na waya mrefu, na ncha ya pili uigusishe kwenye chuma kitupu cha shasi, mbali kabisa na tangi, kwa sababu ya cheche. Mdogo wangu afungue swichi bila kuwasha injini, atazame mshale. Asiwe na haraka: ndani ya geji hizi kuna kibati kinachopinda kikipata moto, kwa hiyo mshale hupanda taratibu, pengine nusu dakika. Ukifika kwenye kujaa, geji na waya havina kosa, ondoeni mara moja. Usiposogea, waya umekatika njiani au fundi amesema kweli.

Ukipanda, rudisheni waya wa kijani mahali pake, kisha vutieni waya mwingine kutoka kwenye kifuniko cha boya, kile kinachoelea ndani ya tangi kupima mafuta, hadi kwenye shasi. Mshale ukiamka hapo, ugonjwa ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari. Ya jirani ilikuwa hiyo: kutu tupu. Tulikwangua kwa msasa, tukafunga waya mpya, kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Ikishindikana, ndipo mtoe boya. Nakuomba sana, Baba: betri ichomolewe kwanza, gari liwe nje, na asiwepo mtu wa sigara karibu. Litikiseni sikioni. Mkisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka na limezama. Nitanunua jingine hapa nimpe mtu anayekuja likizo.

Mama ana kliniki mwisho wa mwezi, basi mpime kabla ya safari hiyo. Nitapiga simu Jumapili jioni unieleze mshale umesimama wapi.

Mwanao akupendaye