Mwambie mama, ni shati tu

Portsmouth, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athmani,

Asalaam aleikum. Huku wazima, ila baridi haina adabu. Najua nimenyamaza tangu harusi ya Fadhili, na lawama zako Mwinyi amenifikishia zote, tena kwa nyongeza. Nitazijibu siku nyingine. Leo nina haja na mama yako.

Kile kikundi cha kuigiza maisha ya Waingereza wa enzi za Henry wa Nane kimenikubali. Nitakuwa Jacques Francis, mzamiaji mweusi kutoka Guinea aliyeajiriwa kuopoa vitu vya Mary Rose, meli ya vita iliyozama hapa mbele ya Southsea mwaka 1545. Mwaka 1548 alitoa ushahidi mahakamani London kumtetea tajiri wake, mtu wa Venice aliyeshtakiwa na wafanyabiashara wa Kiitaliano. Upande wa pili ukadai huyu mtumwa, asisikilizwe. Maneno yake yamo kwenye kumbukumbu mpaka leo! Sasa nani amwigize, wale wazee wenye ndevu nyekundu?

Viatu ninavyo, kofia ya sufu ninayo. Kasheshe ni shati. Meli iliinuliwa mwaka 1982, na humo vitu zaidi ya 19,000 vimepatikana: mabakuli ya mbao yenye alama za wenyewe, vichana vyenye mabaki ya chawa (usimwambie mama hilo), makoti ya ngozi. Kitani, kitambaa cha mashati, kiliozea baharini. Hata makoti yaliachana kwenye mishono kwa kuwa uzi wake ulikuwa wa kitani; yamebaki matundu ya sindano. Basi mtu anatazama picha, kama wale wavunaji wa Bruegel wa 1565, lakini mchoraji hakuonyeshi ndani ya pindo.

Mzee anayetukagua alilipindua shati langu la dukani, akaona mshono wa cherehani, akalikunja vizuri, akanirudishia. Hakusema kitu. Afadhali angetukana.

Lenyewe si geni kwako, ni kama kanzu fupi: badani moja inakunjwa begani bila kukatwa, mikono ni mstatili, vikwapa vya mraba, kitambaa hakipotei. Vifungo hamna, shingoni ni kamba. Ila kingo zote zikunjwe ndani na kushonwa tena, maana nguo za sufu zilipigwa brashi tu, shati ndilo lililofuliwa kila mara. Mishono iwe midogo kama ya zile kofia zake za vitundu. Kitani na uzi nitatuma; uzi aupitishe kwenye nta ya nyuki. Na asiguse cherehani hata pale pa kujificha, yule mzee atapaona!

Je, atakubali? Macho yake yanamruhusu bado, au ile kazi amemwachia Zuhura? Atataka ngapi? Usikubali aseme "mwanangu, bure", nitajua umemfundisha. Fadhili na mkewe wamehamia kule kwa wakwe kweli? Na boti, umeuza au bado unaidanganya nafsi yako? Kitambaa nikimpa Mwinyi mwezi ujao kitafika, au nacho kitapata nyongeza?

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Kiuno kimeongezeka, usicheke.

Wako,
Salim