Eleusis: mbegu kwanza, mavuno baadaye

Ndugu Mhariri,

Makala yenu juu ya wafalme wa ngano za Kigiriki (ngano za kusimulia, si za kusaga) imesema kwamba Siri za Eleusis (ibada za siri za Demeter, mungu wa kike wa nafaka, katika mji wa Eleusis karibu na Athens) zilikuwa sherehe ya mavuno, na kwamba ziliachwa na Keleos, mfalme wa mji huo, kwa mwanawe Triptolemos. Yote mawili yanahitaji kurekebishwa.

Tuanze na kalenda. Huko Attika, eneo la Athens na Eleusis, nafaka huvunwa Mei na Juni. Siri Kuu, yaani sehemu kuu ya ibada hizo, ziliangukia mwezi wa Boedromion, yaani Septemba kuelekea Oktoba. Kufikia hapo nafaka imeshapurwa na kuhifadhiwa, na shamba ni kavu, linangoja mvua za kwanza. Mundu umetundikwa siku nyingi. Mkulima anawaza plau na akiba ya mbegu. Utenzi wa kale wa kumsifu Demeter, unaohesabiwa miongoni mwa tenzi za Homeros, hausemi vingine: mungu huyo alipokasirika kwa kunyang'anywa binti yake, Persephone, ng'ombe walikokota plau bure, na shayiri nyeupe ikaanguka ardhini isiote. Hakuna suke lililonyauka. Kilichofichwa ni mbegu.

Kuhusu ukoo, katika utenzi huo Triptolemos si mwana wa Keleos. Anatajwa pamoja na Diokles, Eumolpos na wengine kama mmoja wa wakuu wa mji. Mtoto wa kiume wa mfalme ni Demophon, kitinda mimba. Demeter, akijifanya bibi mlezi, alimpaka ambrosia, chakula cha miungu, mchana na kumficha motoni usiku ili asizeeke wala asife. Mama yake, Metaneira, akachungulia, akapiga yowe, na kazi ikaharibikia hapo. Waandishi wa baadaye, akiwamo Apollodoros, ndio waliomfanya Triptolemos mwana wa kwanza wa nyumba hiyo, mwenye gari la nyoka wenye mabawa la kusambazia mbegu duniani.

Simulizi hiyo iliwafaa sana Waathene. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo walitoa amri, iliyochongwa kwenye jiwe, ya kupeleka malimbuko Eleusis: kwa kila medimnos (kipimo cha nafaka) 100 za shayiri, isipungue sehemu ya sita ya medimnos 1, kwa ngano, nusu ya kipimo hicho. Medimnos 1 ilikuwa kama lita 52. Mwenye lita 5,200 za shayiri basi alitoa lita 9 kasoro kidogo, yaani 1 kwa 600. Washirika wa Athens waliamriwa, Wagiriki wengine wakaalikwa tu. Mashimo 3 ya kuhifadhia yalipaswa kujengwa Eleusis, na nafaka iliyobaki baada ya sadaka iuzwe. Jina la Eumolpos nalo halikubaki kwenye utenzi: kuhani mkuu wa Siri alitoka katika ukoo wa Eumolpidai hadi zama za Warumi.

Mwandishi wenu pia ameiruka Thesmophoria, sherehe ya wanawake ya tarehe 11 hadi 13 ya mwezi wa Pyanopsion (Oktoba kuelekea Novemba), na hapo ndipo mbegu inaonekana waziwazi. Vitoto vya nguruwe vilitupwa kwenye mashimo marefu na kuachwa vioze. Wanawake walioitwa "wachotaji", baada ya kujitenga na wanaume siku 3, walishuka huku wakipiga kelele kufukuza nyoka walioaminika kukaa chini, wakapandisha mabaki na kuyaweka madhabahuni. Aliyechukua kidogo na kukichanganya na mbegu zake aliamini atapata mazao mema. Kama mbolea, kiasi hicho ni haba mno kwa shamba zima. Kilikuwa dawa ya mbegu. Hata nguruwe walikuwa na kisa: mchungaji Eubouleus alikuwa akiwalisha pale Hades, mungu wa kuzimu, alipomteka Persephone, ardhi ikawameza pamoja naye.

Akitaka mavuno hasa, mwandishi wenu aifuate Thalysia, sherehe ya mavuno. Mshairi Theokritos anaipeleka kisiwani Kos, kando ya uwanja wa kupuria, ambako Demeter anatabasamu akiwa ameshika miganda na maua ya popi mikono yote miwili.

Msomaji wenu