Rudini na majina: barua kwa vijana wetu wanaokwenda kuhudumu Ujerumani

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Shikamoo zenu za Jumapili nimezipokea zote, marahaba. Mliponizunguka pale nje baada ya mnada mkiomba neno la mzee, niliwakwepa. Jua lilikuwa kali, na yule jogoo niliyemnunua kwa elfu sitini alikuwa anapiga kelele kwapani. (Jogoo wa elfu sitini! Nauli zenu ndizo hizo.) Sasa nimetulia, naandika. Barua naiacha wazi kwa sababu vijana wa sharika nyingine za hapa Dar nao wanasafiri, na wazazi wenu wana haki ya kujua nimewaambia nini.

Ratiba yenu nimeiona. Wiki sita, kambi nne za watoto, na kila Jumapili usharika mpya wa kuimba. Shule za Ujerumani hazifungwi siku moja. Kila jimbo lina tarehe zake, wengine wanaanza likizo mwishoni mwa Juni, wengine wanarudi darasani katikati ya Septemba. Kwa hiyo wenyeji wenu wamepanga kwamba kambi moja ikivunjwa mnapanda treni, mnawahi nyingine. Mmefurahi, nimewasikia mkisema hamtapoteza hata siku moja. Mimi karatasi ile ilinitia hofu, maana nimewahi kuiishi.

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 23, nikachaguliwa kwenda na kwaya Ujerumani ya Magharibi, enzi zile ukuta bado umesimama. Kiangazi kizima tulizunguka. Tuliimba makanisani, kwenye mahema, kwenye nyumba za wazee, hata sokoni. Katikati ya nyimbo tulipelekwa kambini kusaidia kufundisha watoto Biblia. Niliporudi nilipokewa kama shujaa, hasa kwa vile nilikuja na miche ya sabuni na betri za redio, na mnaoujua mwaka ule mtanielewa. Jumapili nikasimama kutoa taarifa. Nikataja miji, nikataja idadi ya ibada, nikapitisha picha. Nilipomaliza, bibi mmoja wa jumuiya yetu, sasa marehemu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hao watoto mliowafundisha tutawaombea. Tupe majina."

Sikuwa na jina hata moja.

Nilichokuwa nacho kichwani ni mtoto mmoja wa kiume, miwani yake imeungwa kwa plasta. Siku tatu nzima alinifuata kama kivuli akitaka nimfundishe kutikisa kayamba. Kila alipokuja nilimwambia baadaye, tuna mazoezi. Siku ya nne basi likaja kutuchukua. Nilimwona akiwa amesimama getini, nikampungia mkono, nikarudi kupanga sauti na wenzangu wa besi. Jina lake sikumuuliza.

Ndiyo maana nasema ratiba ipunguzwe, na ipunguzwe sasa, kabla hamjafungasha. Kiongozi wa msafara aandike kwa wenyeji kwamba mtakaa kambi mbili badala ya nne, na Jumapili nyingine mtakaa viti vya nyuma kama waumini wengine. Najua mnaona aibu kumkatalia mwenyeji. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusema "tutajitahidi" hata pale tunapojua haiwezekani, na tunaita adabu. Mjerumani ukimwambia hapana mwezi mmoja kabla, anafuta mstari, anaendelea na kazi. Ukimwambia ndiyo kisha usitokee, hapo umemkosea kweli.

Muda utakaopatikana msiujaze tena. Kila mmoja ashike watoto wanne au watano, awajue. Jioni za kule zitawasaidia, kwa sababu mwezi wa sita na wa saba jua linazama saa tatu usiku na ushei. Watoto wanaambiwa wakalale na nje bado kweupe; nani atalala? Maneno ya kweli hutoka saa hizo. Mwingine atakwambia wazazi wake wametengana. Mwingine atakuuliza unazungumza na nani ukifumba macho, na si kwa dhihaka. Nchi ile iliyotuletea wamisionari, iliyotuachia lile kanisa la Azania Front pale mbele ya bandari, leo Wakatoliki na Waprotestanti wa makanisa makubwa wakijumlishwa hawafiki nusu ya wananchi. Mtoto anaweza kuja kambini kwa ajili ya mpira na kuogelea, sala hajawahi kuisikia nyumbani. Usimshangae, wala usimhubirie kama uko kwenye mkutano wa injili Jangwani. Mjibu swali lake.

Kuna jambo litawakwaza. Kwetu mtoto wa jirani ni wako. Unamkemea, unamnawisha, unampakata. Kule mtapewa kanuni: usibaki chumbani peke yako na mtoto, usimguse ovyo, usimpige picha ukaiweka kwenye simu yako bila ruhusa ya wazazi. Msiseme Wazungu hawana upendo. Kanuni hizo zimewekwa kwa sababu kuna watoto walioumizwa, tena mikononi mwa watu wa kanisa. Mimi natamani Shule zetu za Jumapili zingekuwa na nusu yake, na mkirudi nitataka mlisemee hilo mbele ya baraza la wazee, hata kama wapo watakaonuna.

Mengine ni madogo. Chakula cha jioni mara nyingi ni mkate, jibini na soseji, vyote baridi, basi kuleni vizuri mchana. Vyombo vinaoshwa kwa zamu, na wavulana nanyi mmo. Mkitoka msituni mtaona watoto wanakaguliwa kupe. Msicheke kwamba kupe ni wa ng'ombe, wa kule wana magonjwa ya watu, nanyi jikagueni. Viza ya Schengen haizidi siku 90 ndani ya siku 180, na atakayezidisha hata siku moja anawaharibia watakaomfuata mwakani. Mama zenu wajue kwamba saa za kule wakati wa kiangazi ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, hakuna sababu ya kupiga simu alfajiri.

Mtaombwa mcheze ngoma. Chezeni, vitenge mmeshashona. Lakini mkiona kila mnakoitwa ni ngoma tu na hamna anayewauliza mnaamini nini, semeni kwa upole kwamba na neno mnalo. Mwaka 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu hapa hapa Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Hamwendi kama wageni wa kutumbuiza. Wala msivimbe, kwa sababu baadhi yenu mnaokwenda kulea watoto wa Ujerumani sijawahi kuwaona hata siku moja kwenye Shule ya Jumapili yetu hapa Mbagala, ambako mwalimu mmoja anahangaika na watoto themanini. Mnajijua. Zimebaki Jumapili tatu kabla ya safari, na benchi la walimu lina nafasi.

Someni pia Marko sita. Mitume wanarudi kutoka walikotumwa, wanamweleza Bwana yote waliyotenda na kufundisha, naye anawaambia waende faragha wapumzike kidogo, maana hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Hakuwaongezea kambi.

Mkirudi, Jumapili ya kwanza sitaki picha ukutani. Nimemwomba mchungaji dakika kumi baada ya matangazo. Mtasimama mmoja mmoja mtaje majina ya watoto wenu, jina la kwanza tu latosha, na katibu wa kila jumuiya atakuwa na karatasi.

Tukutane Jumanne saa kumi na moja jioni ukumbini. Madaftari nitaleta mimi, kalamu njooni nazo.

Mzee wenu wa kanisa,
Mbagala, Dar es Salaam