Kisigino, kitovu na mzinga wa nyuki: barua kwa mwanangu

Raskazone, Tanga

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila bibi yako goti linamsumbua tangu kusi ianze kuvuma. Juzi uliniambia kwenye simu kwamba mabuti mapya yamekuchubua kisigino. Kisha ukanyamaza kidogo, kisha ukasema, "Lakini usijali mama, mimi sasa ni askari." Simu ikakatika kabla sijakujibu. Neno lako nimekaa nalo siku tatu, na kwa kuwa simu za kambini ni za kupokezana, nimeona nikuandikie.

Hapa mezani nimeweka lile ganda la risasi. Unalikumbuka? Mjomba wako alilifukua alipokuwa akichimba shimo la taka nyuma ya mwembe, shaba imeota kutu ya kijani, mdomo umebonyea upande mmoja. Ulikuwa darasa la tatu, ukaligeuza filimbi, kutwa unapuliza na mimi kutwa nakukemea. Leo nimelisugua kwa ndimu na majivu. Kitako chake kinang'aa tena, na katikati pana kile kidoa kilichogongwa siku lilipofyatuliwa. Mjomba wako husema ni la vita vya 1914, na kwa mahali lilipotoka sioni sababu ya kumkatalia.

Maana vita vile vilipita hapa hapa tunapoanika nguo. Waingereza walitoka Bombay na watu kama 8,000, wengi wao Wahindi waliokaa melini zaidi ya wiki mbili, wakashuka Raskazone usiku wa tarehe 2 Novemba, kwenye mikoko na matope. Upande wa pili Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliotawala huku wakati ule, alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari wa Kiafrika, walioteremshwa kwa treni kutoka Moshi. Bunduki zao nyingi zilikuwa za kizamani, za baruti yenye moshi. Ukifyatua, wingu linapanda na kumwonyesha adui ulipojificha. Tarehe 4 wakakutana porini, kati ya ufuko na mji. Mitini palikuwa na mizinga ya nyuki, magogo yaliyochimbwa ndani kama yale ya mjomba kule Handeni. Risasi zikawachokoza nyuki, nao wakatoka.

Nyuki hawajui sare. Waliwauma wa pande zote mbili, lakini waliosambaratika zaidi ni wale waliokuja na meli. Manowari ya Waingereza, Fox, nayo ikaupiga mji mizinga kutoka baharini. Katika Kiswahili chetu mzinga ni wa nyuki na mzinga ni wa vita. Siku ile Tanga iliionja yote miwili. Waingereza wengine walidai baadaye kwamba nyuki wale ulikuwa mtego wa Wajerumani. Haikuwa hivyo. Waliporudi melini waliacha nyuma bunduki za rashasha 16, mamia ya bunduki za kawaida na risasi 600,000, na wenzao mamia wamelala chini ya minazi.

Katika vitabu nilivyosoma, jina linalobaki ni la kamanda. Wale Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliolala mchangani na bunduki za moshi hawatajwi, na jambo hilo linaniumiza kila ninapofungua kurasa zile. Wapagazi ndiyo kabisa. Vita vilipoenea bara, mizigo yote ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu, na wengi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, hawakuguswa na risasi. Ukipita Dar es Salaam, simama kwenye sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, usome maandishi yake. Wapagazi wameitwa miguu na mikono ya jeshi.

Miguu, baba. Ndipo nikakikumbuka kisigino chako.

Zamani ulinisumbua sana na wale mashujaa wa Ulaya waliovaa chuma mwili mzima. Uliniuliza waliwezaje kutembea. Deraya kamili ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25, lakini uligawanywa mwili mzima, kwa hiyo mtu aliyezoea aliweza kukimbia na kupanda farasi bila kusaidiwa. Fundi angeweza kuziba kila mahali isipokuwa pale mwili unapokunjika: kwapani, nyuma ya goti. Na macho lazima yaone. Jambia jembamba likapita humo humo. Kwetu kusini, mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, watu walivaa deraya ya maji. Kinjikitile Ngwale aliwapa dawa, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Siwezi kuwacheka watu wale. Walikuwa wanalimishwa pamba kwa nguvu, na walihitaji kitu cha kuwasimamisha pamoja mbele ya bunduki.

Lakini ninayemfikiria usiku huu ni Fumo Liyongo, shujaa wa kale wa pwani yetu. Bibi yako alinisimulia kabla sijajua kusoma, kisha nikaja kumkuta katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, nikawafundisha wanafunzi miaka na miaka. Nilipokuwa kijana nilipenda pale gerezani, mama yake anapooka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani. Walinzi wanakula mikate mizuri, wanamwachia mfungwa ule wa pumba, naye anakata pingu huku ngoma ya gungu inarindima nje. Nilipokuzaa wewe nikaanza kuisoma hadithi ile kwa mwisho wake.

Liyongo haumwi na mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo aliitoa mwenyewe kwa mwanawe, hali akishuku kwamba kijana ametumwa na sultani aliyemfunga. Mtoto akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akachukua uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, na roho ikamtoka akiwa vile vile. Mji ukakosa maji. Kila aliyekwenda alimwona amelenga, akakimbia. Wakamtuma mama yake. Akaenda akimbembeleza mwanawe kwa maneno ya upole, apoe, awaache watu wachote maji. Akarudi tena, akabembeleza tena. Naye alikuwa amekwisha kufa.

Sehemu hii sijawahi kuisoma darasani sauti isinikatike.

Wayunani nao wana shujaa wao, Achilles, aliyeuawa kwa mshale wa kisigino. Homer, mtunzi wao wa kale, hataji kisigino hicho. Habari hiyo ilikuja baadaye, kwamba mama yake Thetis, mungu wa bahari, alimzamisha katika mto wa kuzimu ili asidhurike, na pale vidole vyake vilipomshika maji hayakufika. Mshale ukaingia hapo. Anachosimulia Homer ni Thetis kutoka baharini akilia, kwenda kumwomba mhunzi Hephaestus amtengenezee mwanawe deraya na ngao mpya, huku akijua kwamba akizivaa hatarudi.

Kitovu ndipo mama alipofungamana na mwanawe. Kisigino ndipo mama alipomshika. Watu wawili wa bahari mbili tofauti, watunzi wasiojuana, na wote wameuacha mwili wa shujaa wazi mahali pale pale mkono wa mama ulipokuwa. Mimi naona walijua walichokuwa wakisema.

Wewe nilikuwa nakuogesha katika beseni la bluu, mwili umeteleza kwa mafuta ya nazi, nikikushika kisigino hicho hicho usiniponyoke. Kwa hiyo usiniambie nisijali. Jifunze kulenga, jifunze kukimbia na mzigo, watii wakubwa wako, lakini kinapouma sema. Mwambie mwenzako, mwambie mganga wa kambi, nami niambie.

Ijumaa nakutumia kifurushi kwa basi: soksi nene jozi nne, vaselini, plasta, na kashata za bibi yako. Buti lipake mafuta kwa ndani, sehemu ya nyuma, uliache usiku kucha limelegezwa kamba. Lengelenge usilipasue. Na siku ya kufunga mafunzo nitakuja, nimeshauliza nauli.

Mama yako