Kifaa cha Davis: kilichowaua ni kungoja

Ndugu yangu Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Swali lako kuhusu Thetis, ile nyambizi ya Uingereza iliyozama Juni 1939, nimelipata: mkia wa nyambizi uko nje ya maji, vifaa vya kujiokolea vimo ndani, mbona kati ya watu 103 walipona wanne tu? Watu wengi hukilaumu kifaa. Mimi naona kifaa ni sehemu ndogo ya lawama. Waliponzwa zaidi na muda waliokaa kabla ya kukivaa.

Kifaa chenyewe kilikuwa hivi. Robert Davis wa kampuni ya Siebe Gorman alikikatia hataza mwaka 1910, na jeshi la wanamaji la Uingereza likaanza kukitumia 1929. Ni mfuko wa mpira unaovaliwa kifuani. Ndani yake mna kopo la bariamu hidroksidi, la kunyonya kabonidioksidi unayoitoa. Chini ya mfuko kuna silinda ya chuma yenye oksijeni lita 56, iliyoshindiliwa kwa baa 120 (baa moja ni kama shinikizo la hewa ya kawaida juu ya maji). Bomba la mpira lenye mikunjo linatoka kwenye kopo hadi mdomoni, pua inabanwa kwa kibanio, na macho yanavaa miwani ya maji. Mbele kuna kipande cha kitambaa kigumu kilichokunjwa. Ukishatoka unakikunjua na kukishika kimelala mbele yako, maji yakikipiga unapanda polepole.

Hizo lita 56 zisikudanganye. Zimepimwa juu, penye baa moja. Kwenye kina cha mita 40 shinikizo ni baa 5, kwa hiyo zinabaki lita 11 na ushei. Ukiujaza mfuko kule chini umetumia oksijeni mara tano ya ile ambayo ungeitumia juu. Anayefungua vali mapema kwa hofu, halafu akaacha hewa ivuje pembeni mwa mdomo, anafika mlangoni silinda imekaribia kuisha.

Sasa huo mlango. Tuseme una kipenyo cha sentimita 60 na uko mita 40 chini. Maji yanaukandamiza kwa uzito wa tani 11 hivi. Hata watu ishirini hawausukumi. Njia ni moja: unayaruhusu maji yaingie chumbani mpaka hewa iliyobaki ndani ilingane shinikizo na bahari. Ndiyo maana chini ya mlango hushushwa bomba pana la turubai, ambalo mdomo wake wa chini unazama majini. Hewa inabaki imenaswa kuuzunguka, watu wanapumua humo, kisha mmoja mmoja anapiga mbizi chini ya ukingo wake na kuibukia mlangoni.

Tabu inaanzia hapo. Hewa inapobanwa, uchafu wake unabanwa nayo. Kama chumba kilikuwa na kabonidioksidi asilimia 2, ambayo humfanya mtu ahemehe tu, ikifika baa 5 mwili unaiona kama asilimia 10, na hiyo inatosha kumwangusha mtu kwa dakika chache. Kwa hiyo kila saa ya kungoja kabla ya kujaza maji ina gharama, na kila dakika ya kujaza ina gharama kubwa zaidi. Nyambizi Poseidon ilipozama karibu na Weihaiwei, China, Juni 1931, waliokuwa chumba cha mbele walikaa saa mbili na zaidi wakingoja shinikizo lilingane. Wanane walitoka kwa kifaa cha Davis, wawili hawakufika juu, na mmoja akafa baadaye.

Usidhani kuwahi kuvaa kifaa ndiyo dawa. Oksijeni tupu kwenye baa 5 ni sumu. Mtu anaweza kushikwa na degedege ndani ya dakika chache, na kipande cha mdomoni kikamtoka. Tena aliyepumua hewa nzito kwa saa nyingi, akipewa oksijeni safi ghafla, huweza kutapika. Tapika ukiwa umebanwa pua, mdomo umejaa mpira, na uko chini ya maji!

Thetis iko hapo sawasawa. Ilikuwa majaribioni katika ghuba ya Liverpool, imebeba karibu watu mara mbili ya kawaida, na walibaki humo tangu alasiri ya tarehe 1 Juni 1939 hadi asubuhi yake. Walitumia chumba kidogo cha kutokea nyuma, si bomba la turubai. Maofisa wawili, Oram na Woods, walitoka kwanza, bado wana nguvu. Ili kuokoa muda wakaingia wanne kwa pamoja, na hakuna aliyepona. Kisha wakatoka Arnold, baharia, na Shaw, mfanyakazi wa kiwanda kilichoiunda. Kina kilikuwa kidogo upande ule, na kifaa hakikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Vidole vilivyolegea na akili iliyochoka ndivyo vilivyoshindwa na vali.

Kuhusu kupanda, ambako ndiko ulikokuwa na wasiwasi zaidi: hewa ya baa 5 mapafuni inataka nafasi mara tano ukifika juu. Mfuko una vali ya kupunguzia, lakini mapafu hayana, hivyo ukizuia pumzi yanapasuka na mapovu yanaingia kwenye damu. Baada ya vita, mwaka 1946, kamati ya jeshi la wanamaji la Uingereza iliyoongozwa na Ruck-Keene ilipitia habari za waliojiokoa, ikaona kwamba waliopanda bila kifaa hawakufanya vibaya kuliko waliovaa. Kuanzia miaka ya 1950 wanamaji wa Uingereza wakafunzwa Gosport, kwenye mnara wa maji wa mita 30: vuta pumzi, toka mlangoni, tazama juu, na toa hewa mfululizo njia nzima. Kifua hakiishiwi, kwa sababu kila mita unayopanda hewa iliyobaki inatanuka.

Nitumie ile michoro ya Poseidon uliyoitaja, nataka kuona mlango umekaa upande gani wa chumba.

Wasalaam,
ndugu yako